Mcheza Ugenini Atatunzwa na Nani?

Wiki chache zilizopita binamu yangu aliturushia klipu kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Sokwe mdogo, kwa kumkadiria wa miaka mitatu hivi, amevalishwa suti na tai, amekalishwa mezani na kuwekewa keki yenye mshumaa. Mtu asiyeonekana anamsemesha, naye anafunua meno yote, ya juu na ya chini, midomo imevutwa nyuma mpaka ufizi unaonekana. Ndani ya dakika chache watu zaidi ya ishirini walikuwa wameshaweka alama za kucheka. Shangazi yangu, ambaye huwa haandiki sana, aliandika: "Jamani, kafurahi kama mtoto wa watu."

Ilinibidi nimjibu, kwa adabu zote. Shangazi, sokwe anapofurahi, anapotekenywa au kucheza mieleka na wenzake, hufungua kinywa na kukiacha kilegee, na mdomo wa juu huyafunika meno ya juu. Anapoogopa ndipo huivuta midomo na kuziacha safu zote mbili wazi. Yule mtoto hakuwa akicheka. Alikuwa na hofu, na waliomzunguka walikuwa wamemfundisha kuitoa hofu hiyo kwa amri, kwa sababu machoni petu inafanana na kicheko. Uso huo huo ndio uliouzwa miaka nenda miaka rudi kwenye kadi za salamu, kalenda na matangazo ya televisheni. Ukishaujua, kalenda za zamani hazitazamiki tena.

Binamu hakunibishia. Aliuliza swali moja tu, na ndilo lililonikalisha kuandika makala haya: "Lakini si wakikua wanastaafishwa, wanapelekwa hifadhi, wanakula raha zao?"

Neno kustaafu linatuliza moyo. Ukilisikia unamwona mwalimu mkuu akikabidhiwa saa ya ukutani, unaiona barua ya mafao, kiinua mgongo, shamba la migomba na jioni za barazani. Lakini mtu anayestaafu aliwahi kuajiriwa. Alitia saini, alipokea mshahara, na kila mwezi kiasi fulani kilikatwa kwa ajili ya uzee wake. Sokwe wa maonyesho hakupita hatua hata moja kati ya hizo. Alitengwa na mama yake akiwa mchanga, akafundishwa asichokihitaji, fedha akapokea mtu mwingine, na siku alipokuwa mkubwa shoo ikaisha bila senti moja kuwekwa kwa jina lake.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Kwenye taarabu, kumtunza mwimbaji ni kumwendea jukwaani na noti mkononi. Nyumbani, kumtunza mtu ni kumlisha, kumwuguza na kukesha naye. Sokwe wa maonyesho hachezi kwao. Noti alizotunzwa ziliishia mfukoni mwa mwenye shoo, na kutunza kwa maana ya pili kukaachiwa watu ambao hawakuikata tiketi ya shoo hiyo wala hawakuiuza. Kwa hiyo naiona hifadhi ya sokwe kama mahali pa kulipia deni, na wanaolilipa si wale waliokopa.

Tufanye hesabu kidogo. Sokwe hufaa kwa maonyesho akiwa mtoto. Akifika miaka saba au minane nguvu zake zimeshamshinda mtu mzima, meno yake ya pembeni yamekuwa marefu, na ile tabia ya kutii imeanza kutoweka, kama inavyotoweka kwa kijana wa kiume yeyote anayebalehe. Hapo mwenye shoo humtafuta mwingine mdogo. Lakini sokwe aliye chini ya uangalizi mzuri huishi miaka 40, 50, na wapo wanaoikaribia 60. Kazi ya miaka sita, na baada yake miongo minne ya kula, kuugua, kuzeeka na kuhitaji wenzake. Hakuna biashara ya kawaida ambayo ingeruhusiwa kupangwa namna hiyo, kwamba faida ni ya mwaka huu na gharama ni ya watu wengine mpaka wajukuu.

Mfano unaofahamika kuliko yote ni Bubbles. Alizaliwa mwaka 1983 katika kituo cha utafiti Texas, Marekani, akachukuliwa angali mchanga, na kupitia kwa mfunza wanyama wa filamu akafika nyumbani kwa Michael Jackson. Waliokuwa wakisoma magazeti miaka ile wanamkumbuka: alikuwa na kitanda chake cha kitoto chumbani mwa mwanamuziki huyo, alivaa nguo zilizofanana na zake, na mwaka 1987 alisafiri naye hadi Japani kwenye ziara ya muziki, akapelekwa kunywa chai na meya wa Osaka. Sina sababu ya kuamini kwamba Jackson hakumpenda. Naamini alimpenda. Na hapo ndipo kisa hiki kinaponichoma, kwa sababu mapenzi yale hayakubadilisha mkondo wa mambo hata kidogo. Bubbles alikua, akawa hatabiriki, akarudishwa kwa mfunza wanyama kule California.

Mwaka 1988 msanii Jeff Koons alitengeneza sanamu kubwa ya kauri iliyopakwa dhahabu, Jackson ameketi na Bubbles mapajani. Mwaka 2001 nakala moja ya sanamu hiyo iliuzwa kwenye mnada New York kwa dola milioni 5.6. Wakati nyundo ya mnada inagongwa, Bubbles wa nyama na damu, mwenye miaka 18, alikuwa bado kwenye ua wa yule mfunza wanyama, akingoja chakula cha jioni. Kauri ilikuwa imepata thamani ambayo ingemlisha yeye na kundi zima la wenzake mpaka mwisho wa maisha yao. Hakuna sheria iliyovunjwa hapo, na mwenye kauri hakumwibia mtu. Lakini mimi nikiziweka picha hizo mbili sambamba huwa nashindwa kuzitazama kwa utulivu.

Mwaka 2005, mfunza wanyama alipokuwa akifunga shughuli zake, Bubbles alihamia Center for Great Apes, hifadhi iliyoko Wauchula, Florida. Alikuwa na miaka 22. Huko kuna mabanda marefu yenye majukwaa na kamba, yaliyounganishwa kwa mapito ya wavu yanayopita juu kwa juu kati ya miti, ili sokwe aweze kutoka upande mmoja hadi mwingine bila kushuka na bila kuonana uso kwa uso na asiyemtaka. Amewekwa na wenzake, na waliomlea wanamweleza kuwa ni mpole, asiyependa ugomvi, mwenye uzito unaokaribia kilo 85. Hupaka rangi kwenye turubai akijisikia. Na akiona kamera, hugeuka akatoa mgongo au akaondoka kabisa.

Miaka yote ile mbele ya wapiga picha, na sasa amepata uhuru mmoja mdogo, wa kugeuka. Hakuna mfunza wa kumrudisha.

Wapo watakaosema Bubbles ni wa matajiri, hatuhusu. Basi twende Bujumbura. Kule aliwahi kuishi sokwe dume aitwaye Poco, ambaye mwenye duka mmoja alimweka kwenye kizimba ili kuvuta wateja. Hakufundishwa mchezo wowote. Kuwapo kwake tu ndiko kulikokuwa onyesho. Kizimba kilikuwa chembamba kiasi kwamba hakuweza kutembea kwa miguu na mikono kama sokwe wengine. Angeweza kusimama wima au kukaa, basi. Alikaa humo takriban miaka tisa, yaani utoto wake wote, mpaka alipookolewa na watu wa Taasisi ya Jane Goodall, mtafiti maarufu wa sokwe, waliokuwa na kituo cha sokwe yatima mjini humo.

Vita vya Burundi vilipoanza mwaka 1993, kituo hicho hakikuwa salama tena. Makubaliano yakafanyika kati ya taasisi hiyo, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya na hifadhi ya Ol Pejeta, karibu na Nanyuki, na kati ya mwaka 1993 na 1995 sokwe wa Bujumbura wakahamishiwa huko, mahali panapoitwa Sweetwaters. Kenya haina sokwe wa asili. Wale waliopo wamefika kama wakimbizi, na Mto Ewaso Ng'iro ukawagawa makundi mawili, moja ng'ambo hii na jingine ng'ambo ile. Wageni wanaofika pale humtambua Poco kwa mwendo. Wenzake hutembea kwa kuegemea vifundo vya vidole, mgongo umeinama, mabega yakiyumba. Yeye mara kwa mara husimama wima na kutembea kwa miguu miwili, mikono inaning'inia, kama mtu aliyetoka kununua mkate. Watoto wa shule hufurahi sana wakimwona. Wanadhani anawaiga watu. Ule mwendo ni umbo la kile kizimba, amelibeba mwilini.

Mmoja alilala chumbani mwa tajiri, mwingine alisimama kwenye kizimba cha dukani. Ukiwatazama haraka utasema mmoja alibahatika na mwingine alionewa. Kwa upande wa mateso ya mwili ni kweli kabisa, na sitaki kulipunguza hilo. Ila walichokosa ni kile kile, na ili kukielewa inabidi twende Kigoma.

Gombe, mwambao wa Ziwa Tanganyika, ndiko Jane Goodall alikofika Julai 1960 na kuanza kuwatazama sokwe mmoja mmoja, kwa majina. Hadi alipofariki Oktoba 2025, akiwa na miaka 91, hakuchoka kumsimulia jike mmoja mzee aliyeitwa Flo. Flo alikufa mwaka 1972. Mwanawe wa mwisho, Flint, alikuwa na miaka minane, umri ambao sokwe wa Hollywood tayari amemaliza kazi na kutolewa jukwaani. Flint alikuwa ameshajua kula mwenyewe na kupanda miti. Baada ya kifo cha mama yake alijiinamia, akaacha kula, akadhoofika, na hata mwezi haukuzidi sana naye akafa karibu na pale mama yake alipofia.

Sisemi kila sokwe anayefiwa na mama hufa, la. Wengi huponea kwa ndugu zao wakubwa. Ninachosema ni kwamba mama wa sokwe ndiye shule nzima. Mtoto hubebwa tumboni kisha mgongoni, hunyonya karibu miaka mitano, na muda wote huo yuko macho. Anaona mama anachagua unyasi gani wa kuchokolea mchwa kwenye kichuguu na ameushika vipi. Anaona matawi yanavyokunjwa kila jioni kuwa kitanda kipya. Anaona nani wa kuinamiwa, nani wa kukwepwa, na baada ya ugomvi mtu anarudi vipi kuomba yaishe. Yote hayo Bubbles na Poco hawakuyapata, na hakuna mwanadamu, hata awe na moyo wa dhahabu, anayeweza kumfundisha sokwe kuwa sokwe.

Watafiti wameuchunguza upungufu huo. Mwaka 2014 Hani Freeman na Stephen Ross walichapisha utafiti juu ya sokwe 60 wenye historia tofauti, wakiwamo waliolelewa majumbani na waliotumiwa kwenye maonyesho. Wale waliokulia zaidi mikononi mwa watu kuliko kwa wenzao walikuwa, hata ukubwani na hata baada ya kuishi na sokwe wengine kwa miaka, wakichambuana manyoya kidogo kuliko wengine. Huenda jambo hilo likaonekana dogo. Kwa sokwe, kuchambuana manyoya ndiyo salamu, ndiyo pole, ndiyo samahani, ndiyo kahawa ya barazani. Sokwe asiyejua kumchambua mwenzake ni kama mtu aliyehamia mtaa asioujua lugha yake, akawa anawaona majirani wanacheka kila jioni na yeye yuko mlangoni kwake.

Uingereza wanalo kumbukumbu la namna hiyo. Bustani ya wanyama ya London iliwaandalia wageni karamu za chai za sokwe kuanzia mwaka 1926 hadi 1972. Kisha televisheni ikalichukua wazo hilo. Matangazo ya chai ya PG Tips yenye sokwe waliovaa nguo yalianza mwaka 1956 na kuendelea, kwa vipindi, hadi 2002. Mwenye chapa hiyo alikuwa Brooke Bond, kampuni ile ile iliyokuwa na mashamba ya chai Kericho. Majani yaliyochumwa na mikono ya watu wetu yakauzwa kwa uso wa mtoto wa sokwe mwenye hofu. Mmoja wa sokwe hao, Choppers, aliishi katika bustani ya wanyama ya Twycross mpaka alipokufa mwaka 2016 akiwa na miaka 48. Miaka yote hiyo aliwatafuta zaidi watu kuliko sokwe wenzake, na kumzoesha kundi ilikuwa kazi ngumu kwa walezi wake. Waliokuwa wakimcheka kwenye televisheni wakiwa watoto walikuwa wameshapata wajukuu.

Sasa hifadhi inafanya nini? Kwa kifupi, inampa sokwe nafasi ya kujaribu upya akiwa mtu mzima kile alichopaswa kujifunza utotoni. Huwekwa kwanza jirani na mwenzake mmoja mpole, wakitenganishwa na wavu, wazoeane harufu na sauti. Kisha mlango hufunguliwa kwa saa moja, walezi wakiwa wameshika mpira wa maji tayari. Inaweza kuchukua miezi, na wakati mwingine inashindikana. Chakula hufichwa, hutawanywa, hutiwa kwenye matundu ya kuchokolewa kwa kijiti, ili mikono na akili vipate kazi. Jioni hupewa nyasi kavu au mablanketi ya kutandika. Nikimsikia mtu akisema walezi hao "wanacheza na wanyama" natamani apewe zamu ya wiki moja tu.

Na swali la kwa nini wasirudishwe porini tu, nalo huulizwa kila mara, kwa nia njema. Sokwe dume mgeni akiingia eneo la kundi jingine, madume wenye eneo humshambulia, na mara nyingi humwua. Aliyelelewa na watu hawaogopi watu, kwa hiyo atashuka shambani au kijijini, na hapo ama ataumizwa ama ataumiza. Anaweza pia kupeleka msituni magonjwa aliyoyachukua kwetu. Kule Conkouati, Kongo Brazzaville, kuanzia mwaka 1996 yatima kadhaa walirudishwa msituni kwa mafanikio, lakini hao walizaliwa porini na waliandaliwa visiwani kwa miaka kabla ya kuachiwa. Bubbles hajawahi kuuona msitu wa Afrika tangu azaliwe. Ukimshusha Gombe leo umemwua.

Ndiyo maana pia hifadhi nyingi huwapa majike dawa ya kuzuia mimba. Watu hushtuka wakilisikia hili, hata mimi lilinishtua, lakini lina maana. Mtoto akizaliwa ndani ya uzio atakaa ndani ya uzio miaka 50, akichukua nafasi ya yatima atakayeletwa kesho kwenye kikapu.

Tunarudi kwenye fedha. Hifadhi za Marekani hutaja gharama inayozidi dola 20,000 kwa mwaka kwa sokwe mmoja: chakula, madaktari, walezi, ukarabati wa vyuma, umeme. Zidisha kwa miaka 30. Bubbles ana bahati kwamba wasimamizi wa mirathi ya Jackson wamekuwa wakichangia matunzo yake. Ni jambo la heshima na nalitaja kwa sababu ni nadra. Wengine wengi walioonekana kwenye filamu na matangazo wanalishwa kwa michango ya wastaafu wanaotuma dola 25 kwa mwezi, na wanafunzi wanaouza keki shuleni. Na asiyepata nafasi ya hifadhi huishia pabaya. Mwaka 2009 huko Connecticut, sokwe aliyewahi kutokea kwenye matangazo ya televisheni, aliyekuwa akiishi nyumbani kwa mtu akiwa na miaka 13, alimjeruhi vibaya sana mwanamke aliyemfahamu, na polisi wakampiga risasi sokwe huyo akafa. Mwanamke yule aliharibika uso na mikono. Nalo hilo liwekwe kwenye hesabu ya gharama.

Kwa hiyo nasema bila kuzungukazunguka: popote mnyama wa umri mrefu anaporuhusiwa kutumiwa kwa burudani, mwenye shoo aweke dhamana ya maisha yote ya mnyama huyo kabla ya tiketi ya kwanza kuuzwa. Kampuni ya madini hutakiwa kuweka fedha za kufukia shimo. Shimo la sokwe ni refu kuliko hilo. Najua sharti hilo likiwekwa kwa dhati hakuna atakayeweza kulitimiza, na biashara itakufa. Sitailia.

Kuna mabadiliko mazuri, niyataje upesi. Tangu mwaka 2015 Marekani inawahesabu sokwe wote, wa porini na wa vizimbani, kuwa viumbe walio hatarini, na hilo limebana sana matumizi yao. Filamu kubwa zimeanza kutengeneza sokwe kwa kompyuta. Karamu za chai hazipo tena.

Lakini shoo haikufa, imehama. Imekuja kwenye simu zetu, ndiyo ile ya binamu yangu. Na madhara yake si kwa yule mmoja tu anayeonekana. Utafiti uliofanywa na wahifadhi wa Lincoln Park Zoo, Chicago, na kuchapishwa mwaka 2008, uliwauliza watu ni nyani gani wakubwa walio hatarini kutoweka. Zaidi ya asilimia 90 walijua kwamba gorila na orangutani wako hatarini. Kwa sokwe ni theluthi mbili tu waliojua, na sababu iliyotajwa sana na waliokosea ni kwamba sokwe huonekana kila mara kwenye televisheni na matangazo. Mtu akimwona amevaa suti, hawezi kufikiria kwamba anaisha.

Na mtu huyo huyo, akiwa na fedha, humtaka wa kwake. Kati ya mwaka 2009 na 2011 sokwe zaidi ya 100 walisafirishwa kutoka Guinea kwenda China kwa vibali vilivyodai wamezaliwa kizimbani, ilhali Guinea haikuwa na kituo cha kuzalisha sokwe. Wametoka wapi, basi? Wametoka ambako watoto wote wa sokwe hutoka, migongoni mwa mama zao. Mama hamwachii mtu mwanawe. Huuawa kwanza, na wale wa kundi wanaojitokeza kumtetea huuawa naye.

Hili linatuhusu sisi tunaozungumza Kiswahili kuliko tunavyopenda kukiri, kwa sababu njia nyingi za biashara hiyo zinapita kwetu, na mizigo inayokamatwa huishia kwetu. Kisiwa cha Ngamba kwenye Ziwa Victoria, upande wa Uganda, kinalea yatima tangu mwaka 1998. Lwiro, Kivu Kusini, ilianza mwaka 2002 na sasa ina sokwe zaidi ya 100, katikati ya eneo ambalo watu wenyewe wamehamahama kwa vita. Lubumbashi kuna kituo cha sokwe yatima kiitwacho JACK, kilichoanzishwa mwaka 2006. Septemba 2022 watu waliingia hapo usiku wakachukua watoto watatu wa sokwe, kisha wakadai fedha ili wawarudishe. Utekaji wa kudai fidia, kwa sokwe. Walezi walikataa kulipa, kwa sababu walijua wakilipa mara moja kila hifadhi barani itakuwa ghala la kuvunjwa.

Nawafikiria walezi wa Lubumbashi asubuhi ile, wakihesabu watoto waliobaki, wakikoroga uji kama kawaida kwa sababu waliobaki wana njaa. Hao ndio wanaotutunzia. Mtoto anayepokelewa Lwiro leo akiwa na umri wa mwaka mmoja, akitunzwa vizuri, anaweza kuwa hai mwaka 2070. Mtu atakayemkatia papai mwaka huo hajazaliwa bado.